PS4 Haijafa, Ila Mpira wa Kila Mwaka Uachwe Dukani

Kila ikifika Septemba Dodoma mambo ni yale yale. Vumbi linapiga, mvua hata haijafikiria kuja, na status za wauza gemu zimejaa kava jipya la mpira. "Mzigo umeshuka wakuu, PS4 na PS5 zote zipo, wahi kabla hazijaisha." Wiki hiyo hiyo staa mmoja wa mitandaoni, mtu wa Dar, ambaye wafuasi wake ukiwakusanya Uwanja wa Jamhuri hauwatoshi, anajirekodi pembeni ya PS5 yake nyeupe huku anacheka mpaka machozi: eti bado kuna watu wananunua gemu za PS4, hao wapelekwe makumbusho.

Huyu anasema nunua, yule anasema umepitwa na wakati. Katikati wapo madogo kibao wenye PS4 zao za mtumba, na wote wawili wanawatafuna.

Mmoja wao anasoma UDOM. Jina halina kazi, maana ukisimama Ng'ong'ona jioni utawakuta kama yeye ishirini. PS4 aliinunua kwa kaka mmoja aliyemaliza chuo na kurudi kwao. Tangu hapo kanunua FC 24, kanunua FC 25, na boom lilipotoka kanunua FC 26. Laki moja na sitini, taslimu, akapanda bodaboda akarudi geto anatabasamu peke yake. Wiki tatu mbele akawa anapiga pasi ndefu, na si zile za kwenye gemu.

Mtu akiamua hela yake iende kwenye gemu badala ya pamba au bia, hiyo ni hela yake na hakuna wa kumpangia. Kinachouma ni kile alichokinunua. Dogo ana CD tatu ambazo ukizicheza bila kuangalia majina mgongoni mwa jezi, utatumia muda kujua ipi ni ipi. Anacheza na mwenzake yule yule wa chumbani, kwenye TV ile ile, padi mbili zile zile. Kilichobadilika ni kwamba kwenye ya kwanza Mbappé yuko PSG na kwenye mbili zilizofuata yuko Real Madrid. Uhamisho wa Mbappé umemla dogo kuliko ulivyowala Madrid, maana wao hawakulipa hata ada.

Hapa ndipo mchezo ulipo, na si mgeni. Umeshachezwa mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa PS2. Ile mashine ilitoka Japani Machi 2000, na Sony wenyewe walisema imeuza zaidi ya milioni 160 duniani, hakuna mashine ya gemu iliyowahi kuuza zaidi yake. Walitangaza kuacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, lakini Septemba ile FIFA 14 ikatoka na toleo la PS2, na Novemba PES 2014 nayo ikatoka. Miaka 13 na bado watu wanauziwa mpira mpya. Mpya kwa maana ya jezi.

Mara ya pili ilikuwa PS3, na hii ndiyo ya kuisoma vizuri. Mwaka 2016 FIFA 17 ilikuja na ile stori ya Alex Hunter, kijana anayeanza kutoka chini mpaka ligi kubwa, matangazo yote yalikuwa ya hiyo stori. Mwenye PS3 aliponunua CD yake akaikosa, kwa sababu haikuwekwa. FIFA 18 ikaja, na kwenye kava la PS3 wakaandika Legacy Edition. FIFA 19 vile vile. EA hawakuficha: walisema wazi kwamba toleo hilo ni uchezaji ule ule wa nyuma, hakuna kazi mpya iliyofanyika, kilichobadilishwa ni jezi na vikosi. Imeandikwa na mwenye mali mwenyewe, na watu wakanunua.

Baada ya hapo PS3 ikafungiwa mlango. Mpira wa EA ukaishia FIFA 19, wa Konami ukaishia PES 2018.

Sasa kumbuka kilichotokea Januari 2020. Mbwana Samatta katoka Genk kaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Tarehe 1 Februari kawafunga Bournemouth, tarehe 1 Machi kawafunga Manchester City fainali ya Carabao pale Wembley. Nchi nzima iligeuka Villa kwa miezi miwili. Kwenye kila kibanda cha gemu, kuanzia Chang'ombe mpaka Nkuhungu, madogo wanataka Villa yenye Samatta. Na vibanda vingi vilikuwa vya PS3, mashine ambayo FIFA 20 haikuwahi kuigusa.

Walifanyaje? Waliingia sehemu ya uhamisho ndani ya FIFA 19, wakamtafuta Samatta pale Genk, wakambonyeza kwenda Villa. Dakika mbili, shilingi sifuri. Watoto wakacheza, wakafurahi, hakuna aliyerudisha jero yake akidai kwamba huyu Samatta si halali.

Kazi ile ya dakika mbili iliyofanywa na kijana wa kibanda mwenye kandambili ndiyo sehemu kubwa ya kile kinachouzwa laki na nusu kila Septemba kwa mwenye mashine ya zamani. Na hata hivyo Simba haimo, Yanga haimo, Ligi Kuu ya Bara haijawahi kuwekwa. Unalipia uhamisho wa ligi za watu.

Kwa PS4 habari ilianza 2021, na walioiona ni wachache kwa sababu safari hii hawakuandika Legacy kwenye kava. FIFA 22 ndiyo iliyokuja na HyperMotion: waliwavalisha wachezaji 22 nguo maalumu za kunasa mwendo, wakacheza mechi nzima kwa kasi ya kweli, ule mwendo ukaingizwa kwenye gemu. Ikatangazwa dunia nzima. Ilikuwa ya PS5 na Xbox mpya, PS4 hapana. Mwaka 2023 EA walipoachana na jina la FIFA na kuja na FC 24, wakaleta HyperMotionV, ya kuchukua mwendo kutoka mechi halisi. PS5, Xbox mpya na kompyuta. PS4 hapana tena.

Kwa hiyo trela anayoiangalia dogo wa UDOM kwenye simu ni ya gemu moja, na CD anayouziwa ni ya gemu nyingine yenye jina lile lile. Muuzaji anajua. Ukimuuliza atakuambia, "Mkuu, ni ile ile tu, tofauti ni grafiki kidogo."

Na anajua zaidi ya hapo. Yule dogo kabla ya kutoa laki na sitini alijaribu kupunguza makali kwa kurudisha CD zake mbili za nyuma. Muuzaji akaziangalia bila kuzishika.

"Hizi hata bure sichukui, mdogo wangu. Mpira wa mwaka jana nimuuzie nani?"

Kwenye begi kulikuwa na GTA V. Hiyo akainyooshea mkono kabla hata hajaulizwa. Gemu ya PS4 ya mwaka 2014, ina miaka zaidi ya kumi, na bado ina bei. Huyo ni mtu yule yule ambaye dakika tano baadaye alimwambia dogo kwamba FC 26 ni uwekezaji, hutajuta. Yaani mtu anakuonyesha kwa macho yake mwenyewe kwamba bidhaa anayokuuzia itakuwa takataka baada ya miezi kumi na mbili, na bado unatoa pochi!

Lakini aibu nayo ina nguvu. Ukikaribisha washkaji geto wakakuta Mbappé bado yuko PSG, utachekwa mpaka usiku. "Oya huyu bado yuko 2023." Hiyo kejeli ndiyo inayouza CD kuliko HyperMotion na trela zote, na ndiyo hiyo hiyo staa wa Dar anaitumia kutafuta likes. Vijana wa Dodoma wamekuwa wepesi sana wa kuona aibu tangu mji uitwe jiji. Wanataka kila kitu kifike siku moja na Dar, hata kile ambacho hakina faida kwao.

Kuna watakaosema: sisi tunacheza mtandaoni, Ultimate Team, tusiponunua mpya tunabaki peke yetu. Ni kweli, Septemba ikifika watu wanahama wote kama nzige. Ila huko napo hesabu ni mbaya zaidi kwa mwenye PS4. Timu uliyoijenga mwaka mzima haivuki kwenda gemu ya mwaka unaofuata, unaanza na vibonde upya. Mwenye PS4 hakutani uwanjani na mwenye PS5, vizazi vimetenganishwa, kwa hiyo kila mtu mmoja anayehamia PS5 anapunguza idadi ya wapinzani kwako. Halafu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti PlayStation Network. Mtu anafungua ya Marekani au Uingereza, ananunua kadi za zawadi kwa mtu wa kati anayeweka cha juu, analipia PS Plus, ndipo akumbuke bando. Na Sony walitangaza mapema 2025 kwamba kuanzia Januari 2026 gemu za PS4 hazitakuwa tena kipaumbele kwenye zile wanazogawa kila mwezi kwa wanaolipia PS Plus. Mwenye nyumba ameanza kuhamisha viti, na wewe unalipa kodi ya mwaka mzima mbele.

Sasa turufu ya staa. Kwamba PS4 imekufa, kila mtu ahamie PS5.

Huyu jamaa kwanza awaambie wafuasi wake ile PS5 aliinunua shilingi ngapi. Minong'ono ya Kariakoo ni kwamba mashine inarudi dukani kila baada ya klipu, na anayelipia klipu ni mwenye duka. Kama si kweli, risiti aiweke. Lakini hata kama ni yake ya jasho, anachosema hakina mashiko. Mashine haifi siku mpya inapotoka. God of War Ragnarök ilitoka Novemba 2022, miaka miwili baada ya PS5 kuingia sokoni, na PS4 iliipata. The Last of Us Part II na Ghost of Tsushima za 2020 zilitengenezwa kwa ajili ya PS4. Red Dead Redemption 2, Uncharted 4, Spider-Man, Bloodborne, The Witcher 3. Dogo wa UDOM hajacheza hata moja kati ya hizo. Hata moja! Ana CD tatu za mpira na GTA. Ameshika ufunguo wa ghala lililojaa na yeye kakaa mlangoni ananunua maandazi.

Hizo gemu nazo zina tabia nzuri: zinauzwa mtumba, bei zinashuka kwa kistaarabu, na ukimaliza unabadilishana na mtu. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 mtu anaondoka alfajiri, anazunguka Kariakoo, anarudi usiku na CD nne za mtumba kwa hela ambayo mwenzake kanunulia mpira mmoja. Nauli ukiigawa na washkaji watatu wenye oda zao, haionekani.

Na kitu ambacho hakikuwepo zamani: PS5 inasoma CD za PS4. Ukiwa na gemu za PS3, siku unahamia PS4 zote zilibaki kuwa mapambo. Sasa hivi Sony wanasema zaidi ya asilimia 99 ya gemu za PS4 zinacheza kwenye PS5. Kwa maana hiyo CD nzuri ya PS4 unayoinunua leo unaibeba unapohamia. Isipokuwa ya mpira, ambayo hata ukiibeba umebeba kitu kilichopitwa. Waliochukua FIFA 22 ya kawaida ya PS4 wanalijua hilo: walipopata PS5 hawakupewa toleo la PS5, waliambiwa wanunue tena.

Ila hapo kwenye PS5 kusoma CD kuna mtego, na mtumishi mmoja wa Mji wa Serikali Mtumba umeshamnasa. Huyu alikuwa mtu makini, ana CD 14 za PS4 amezipanga kwenye kabati kama vitabu vya sheria. Akasikia PS5 fulani inauzwa pungufu ya nyingine kwa laki na ushee, akachukua ya bei ndogo. Kafika nyumbani Kisasa anatafuta pa kuchomeka CD, hapaoni. Ilikuwa ya Digital. Hakuna tundu. CD 14 zimekuwa vibao vya kuwekea glasi. Sasa kila gemu anaishusha mtandaoni, mpya zinauzwa mpaka dola 70, na moja inakula GB mpaka bando la mwezi linaisha kabla hajaona hata nembo ya gemu. Hata PS5 Pro ya 2024, ghali kuliko zote, ilitoka bila tundu la CD, kifaa chake unanunua pembeni. Muuzaji hakumwambia. Hakumuuliza pia, tuwe wakweli.

Wa kushusha mtandaoni wana shida nyingine pia. Vuguvugu la FC 24 lilipoanza mwaka 2023, EA waliziondoa FIFA 14 mpaka FIFA 23 kwenye maduka ya mtandaoni. Ukitaka kununua FIFA 19 leo kihalali kwenye PS4 yako, inabidi utafute CD. GTA Online ya PS3 nayo ilizimwa Desemba 16, 2021, na hakuna aliyepigiwa simu kuombwa ruhusa. Kitu kikiwa kwenye seva ya mtu, siku ya kuacha anapanga yeye.

Ndiyo maana anayestahili kusikilizwa kwenye hii mada si muuzaji wala staa. Ni yule kaka mwenye kibanda Chang'ombe, ana PS3 tatu na PS4 moja, feni ya ukutani na benchi la mbao. Shule haikuwa yake, ila hesabu anazijua. Mechi moja ni jero. CD ya laki na sitini ni mechi 320 kabla haijaanza kumpa faida, na umeme wa LUKU unaenda hapo hapo. Watoto wa darasa la sita hawajawahi kumuuliza kuhusu HyperMotion. Wanauliza kama Mbappé yuko Madrid. Kwenye PS3 zake zilizochipiwa kuna vijana wanamwekea vikosi vipya kila dirisha la usajili likifungwa, anawapa elfu kumi. Kuchipi si halali, na EA wangemshtaki wangeshinda. Lakini hiyo elfu kumi ndiyo thamani halisi ya kazi iliyofanyika, na soko la Chang'ombe limeipima bila kuita kamati.

Huyu aliacha kuinunulia PS3 chochote siku nyingi. Kilichomwachisha kilikuwa padi. Padi orijino za PS3 hazipatikani, za kopi zinakufa mwezi mmoja, na CD mpya haina maana kama kidole cha mtoto kinabonyeza na Messi hageuki. Cha pili ni vumbi. Dodoma si Dar, hapa upepo wa Agosti unaingia mpaka ndani ya sufuria lililofunikwa. Kila baada ya miezi miwili anafungua mashine na brashi ya rangi, anasafisha feni, anabadilisha ile dawa ya kupoza. PS4 ya mtu asiyefanya hivyo inaanza kunguruma kama mashine ya kusaga, na mwenyewe anadhani ndiyo uzee. Kabla hujaamua kwamba mashine imekwisha, ifungue uitoe vumbi kwanza. Wangapi wamekimbilia PS5 kwa sababu ya vumbi la elfu tano?

Na PS3 zake zikichoka hazitupwi. Zinapanda basi kwenda Kondoa, Manyoni, Mpwapwa, kwa sababu ambayo staa wa Dar hawezi kuifikiria: PS3 inachomekwa kwenye TV ya chogo kwa zile waya tatu za rangi. PS4 inataka HDMI tu. Kwa hiyo PS3 itaishi Manyoni miaka ambayo PS4 itakuwa imeshasahaulika mjini. Hao wanaoambiwa waende makumbusho wana mashine inayofanya kazi na foleni ya watoto mlangoni. Ilikuwa hivyo hivyo mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar mwisho wa 2012 na Dodoma mwanzoni mwa 2013. Watu walitabiri TV za chogo zingejaa jalalani, zikachomekewa king'amuzi, zikaendelea.

Hoja ya kwamba usubiri tu PS5 ishuke bei nayo imeharibika. Zamani ilikuwa inafanya kazi: PS2 ilianza kwa dola 299 Marekani na mwaka 2009 ilikuwa dola 99. PS5 ilianza kwa dola 499 mwaka 2020, na Agosti 2025, miaka karibu mitano baadaye, ikapandishwa mpaka 549. Imepanda! Kwa hela ya hapa ni milioni na ushee kabla ya usafiri na kabla muuzaji hajaweka chake. Anayengoja ishuke mpaka laki tano atangoja sana. Njia iliyobaki ni kuweka, na huwezi kuweka huku kila Septemba unatoa laki na sitini. Dogo wa UDOM kwa miaka mitatu katoa zaidi ya laki nne kwenye mpira peke yake. Hiyo ni karibu theluthi ya PS5, imekaa kwenye kabati kwa umbo la CD ambazo muuzaji hataki hata kuzishika.

Kwa hiyo ni lini mtu aache kununua gemu za PS4? Muulize muuzaji jambo moja: hii mpya ina nini ambacho ya mwaka jana haina, kwenye PS4, si kwenye trela? Akianza kutaja majina ya wachezaji na rangi za jezi, rudisha pochi mfukoni. Kwa mpira siku hiyo imeshapita, ilipita na FIFA 22. Mwenye PS4 achague mpira mmoja anaoupenda, aubakize, mingine aachane nayo. Kwa gemu zile kubwa za stori siku hiyo bado, na haitafika mpaka mtu amalize zile alizoziruka, ambazo zinatosha kumfikisha kwenye ajira yake ya kwanza.

Atakayebisha ataleta GTA VI, na ana haki. Rockstar wametangaza Novemba 19, 2026, kwa PS5 na Xbox Series X na S. PS4 haimo kabisa. Pamoja na hayo kuna muuzaji mmoja hapa mjini, maeneo ya katikati si mbali na Nyerere Square, ameshaanza kuwaambia wateja kwamba toleo la PS4 litakuja baadaye, waweke advansi kidogo kidogo. Hakuna toleo hilo lililotangazwa. Waliokwisha kumpa hela wakamfuate mapema, tena waende wawili wawili.

Wenye PS4 wa Dodoma, Singida na kwingineko: CD ya mwisho kununua ilikuwa ipi, na ilikuwa na nini kipya? Shuka nayo hapo chini. Mwenye risiti ya PS5 ya staa naye anakaribishwa.